Kufufua kadi ya waifai kwenye laptopu kuukuu ya Linux

Laptopu nyingi za ex-UK zinazouzwa Nakuru, Kisumu na Kakamega ni mashine zilizostaafu maofisini: Latitude, ThinkPad, EliteBook, ProBook. Ukiziwekea Linux zinapata miaka mingine ya kazi, ila cha kwanza kugoma mara nyingi ni waifai. Fundi asiyeizoea Linux huamua kadi imekufa, akakuuzia adapta ya USB. Kumbe kadi ni nzima: imekosa famwea (programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe), imefungwa na swichi, au imepewa draiva (programu inayoiunganisha kadi na mfumo) isiyo yake. Yote matatu hutengenezeka bila kununua kitu, mradi ujue kwanza kadi yenyewe ni ipi.

Amri zilizo hapa ni za Debian 12, na LMDE 6 (Linux Mint iliyojengwa juu ya Debian) inazipokea vilevile. Pale Ubuntu na Linux Mint zinapotofautiana tumetaja. Kama mashine ni ya biti 32, kwa mfano zile za Pentium M, baki na Debian 12, maana Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena kisakinishi wala kerneli (kiini cha mfumo) ya biti 32.

Intaneti ya kuanzia

Famwea inapatikana mtandaoni, na mtandao ndio huna. Toka kwenye fundo hilo kwa simu. Chomeka simu ya Android kwa kebo ya USB, ingia kwenye mipangilio ya hotspoti, washa kushiriki intaneti kwa USB. Kerneli ina draiva ya kazi hii tayari, kwa hiyo huhitaji kusakinisha chochote. Andika:

ip a

Utaona kiungo kipya kinachoitwa usb0 au jina linaloanza na enx. Kisipoonekana, lawama ya kwanza iende kwa kebo. Kebo nyingi za bei ya chini zina waya za kuchaji tu na hazipitishi data. Tena simu nyingi zikiwa zimeunganishwa kwenye waifai ya shule au ya saiba huipitisha hiyo hiyo kwa USB, hivyo bando lako haliguswi.

Kama unatumia bando, soma kile apt, programu ya kusakinisha vifurushi, inachokuonyesha kabla ya kujibu ndiyo: ukubwa wa upakuaji umeandikwa pale. Famwea peke yake ni mzigo mdogo. Draiva inayojengwa kwenye mashine ndiyo nzito, kwa sababu inavuta pia kikusanyaji cha C na vichwa vya kerneli (faili zinazohitajika kuijenga draiva). Na usiguse apt upgrade mpaka waifai isimame.

Namba kabla ya yote

lspci -nnk | grep -iA3 network

Jibu litafanana na hili:

0c:00.0 Network controller [0280]: Broadcom Inc. and subsidiaries BCM4312 802.11b/g LP-PHY [14e4:4315] (rev 01)
Subsystem: Dell Wireless 1395 WLAN Mini-Card [1028:000b]
Kernel driver in use: b43-pci-bridge
Kernel modules: ssb

Namba unayoitaka ni ile ya mabano ya mraba mwishoni mwa mstari wa kwanza, 14e4:4315. Nusu ya kwanza ni mtengenezaji: 8086 ni Intel, 14e4 Broadcom, 168c Atheros, 10ec Realtek, 1814 Ralink. Nusu ya pili ni chipu. Usiongozwe na jina la kibandiko wala la duka. Hapo hapo kwa Broadcom, namba 14e4:4312 si chipu ya BCM4312, ni BCM4311. BCM4312 yenyewe ni 14e4:4315. Anayetafuta msaada kwa jina hupakua famwea ya chipu nyingine, kisha anashinda kutwa akishangaa.

Mstari wa “driver in use” usipokuwepo, draiva haijashika. Kadi isipotajwa kabisa, imezimwa ndani ya BIOS (mipangilio ya mashine kabla ya mfumo kuwaka) au imelegea kwenye soketi, na dawa ya kulegea iko kwenye sehemu ya bisibisi.

Swichi

sudo rfkill list

Ukiona “Soft blocked: yes”, ni programu iliyozima. Andika sudo rfkill unblock all, kisha nmcli radio wifi on. Kwenye Debian usisahau sudo, la sivyo utaambiwa amri ya rfkill haipo.

“Hard blocked: yes” ni kitu cha kushikika, na hakuna amri ya kukifungua. ThinkPad za T60 hadi T400 zina swichi ndogo ya kuteleza kwenye ukingo wa mbele, chini ya mahali unapolaza viganja. Watu huisukuma wakitoa mashine kwenye begi bila kujua. Latitude za zamani huiweka ubavuni. Za HP zina kitufe chenye picha ya mnara juu ya kibodi: taa ya rangi ya chungwa ni imezimwa, buluu au nyeupe ni imewashwa. Kwenye nyingine ni Fn pamoja na kitufe chenye alama hiyo.

Lenovo IdeaPad kadhaa hudai zimefungwa na swichi ilhali swichi hazina. Anayedanganya ni moduli (kipande cha kerneli) iitwayo ideapad_laptop. Izuie, kisha washa upya:

echo "blacklist ideapad_laptop" | sudo tee /etc/modprobe.d/ideapad.conf

Gharama yake ni kupoteza baadhi ya vitufe vya Fn.

Na kama swichi imevunjika ikabaki imezima? Kwenye kadi za Mini PCIe, aina ya soketi iliyo kwenye laptopu nyingi hizi, ishara ya kuzima redio hupitia mguu namba 20. Toa kadi, igeuze chini juu ili utazame upande wa miguu ya namba shufwa. Pengo la kadi linagawa miguu kuwa kundi fupi la 8 na kundi refu la 18. Kwenye kundi refu, mguu ulio jirani na pengo ni namba 18, unaofuata ni 20. Ufunike huo mmoja kwa kipande chembamba cha utepe wa kapton (usiopitisha umeme), usiguse majirani. Umbali wa mguu hadi mguu ni milimita 0.8, kwa hiyo kata utepe kwa wembe chini ya mwanga mzuri. Redio itaamini swichi iko wazi siku zote.

Famwea na draiva, kila ukoo na tabia yake

Hakikisha kwanza mstari wako ndani ya /etc/apt/sources.list una maghala yote (bookworm ni jina la Debian 12):

deb http://deb.debian.org/debian bookworm main contrib non-free non-free-firmware

Fanya sudo apt update, kisha uliza kerneli inalalamikia nini:

sudo dmesg | grep -iE 'firmware|b43|brcm|iwl|ath|rtl'

Atheros ndiyo isiyo na makuu. Draiva za ath5k na ath9k, zinazobeba chipu kama AR5007, AR9285 na AR9485, hazihitaji famwea. Kama mojawapo haifanyi kazi, chunguza swichi na antena, wala usipoteze muda kwenye draiva. Ikikatika-katika, ongeza options ath9k nohwcrypt=1 kwenye faili mpya ndani ya /etc/modprobe.d.

Intel nazo hazisumbui sana. Kuanzia 3945ABG na 4965 hadi 6205, kifurushi ni firmware-iwlwifi. 2200BG ya enzi za Pentium M inataka firmware-ipw2x00, na itakuomba ukubali leseni. Ubuntu na Mint huja na vyote ndani ya linux-firmware. Ukisoma “Direct firmware load for iwlwifi-6000g2a-6.ucode failed with error -2”, hiyo -2 maana yake ni faili halikupatikana, si kadi mbovu. Draiva ya iwlwifi inaweza pia kujaribu matoleo kadhaa ikishuka kutoka jipya hadi la zamani, kwa hiyo mistari ya makosa ikifuatwa na “loaded firmware version” haina neno. Muunganisho ukidondoka kila baada ya dakika chache, jaribu options iwlwifi 11n_disable=1; utashuka hadi kasi ya 54 Mbps, ambayo kwa barua pepe na masomo inatosha.

Realtek za ndani hutumia firmware-realtek. Moja inastahili kutajwa: RTL8723BE, iliyo kwenye HP nyingi. Inaona ruta iliyo mezani lakini si ile ya chumba cha pili, kwa sababu laptopu ina waya mmoja wa antena na draiva inasikiliza tundu lisilo na waya. Mwambie asikilize lingine:

echo "options rtl8723be ant_sel=2 ips=0 fwlps=0" | sudo tee /etc/modprobe.d/rtl8723be.conf

Washa upya. Bila nafuu, weka ant_sel=1. Ralink kama RT3090 na RT3290 humalizwa na firmware-misc-nonfree.

Broadcom ndiyo inayokula siku za watu, maana ina njia tatu na njia hizo hazipatani.

Njia ya kwanza ni b43, iliyo ndani ya kerneli. Ni ya BCM4311, BCM4312 na BCM4318. Inataka famwea, na alama yake kwenye dmesg kwa 14e4:4315 ni kilio cha kukosa b43/ucode15.fw. Tiba:

sudo apt install firmware-b43-installer

Kifurushi hiki hakina famwea ndani; kinaipakua wakati wa kusakinishwa. Ndiyo sababu ukikinakili kwenye flashi ukakisakinisha bila mtandao, kinaonekana kumaliza na waifai bado haipo. Kama simu haipatikani, nenda saiba upakue broadcom-wl-5.100.138.tar.bz2 pamoja na kifurushi cha b43-fwcutter, vilete nyumbani, kisha:

sudo apt install ./b43-fwcutter_*.deb
tar xjf broadcom-wl-5.100.138.tar.bz2
sudo b43-fwcutter -w /lib/firmware broadcom-wl-5.100.138/linux/wl_apsta.o
sudo modprobe -r b43
sudo modprobe b43

Kadi za kale zaidi, kama BCM4306 za matoleo ya mwanzo, zinatumia b43legacy na kifurushi chake firmware-b43legacy-installer. Netibuku zenye BCM4312 zikionyesha “Fatal DMA error” kwenye dmesg, weka options b43 pio=1 qos=0. Itakuwa ya polepole, lakini itakaa hewani.

Njia ya pili ni brcmsmac, ya BCM4313, BCM43224 na BCM43225. Nayo iko ndani ya kerneli, na inatosheka na firmware-brcm80211.

Njia ya tatu ni wl, draiva ya Broadcom wenyewe, ambayo sehemu yake imefungwa. Kwa BCM43142, yenye namba 14e4:4365, hakuna njia nyingine. Toleo la mwisho la Broadcom, 6.30.223.271, ni la 2015. Kinachoiweka hai ni viraka vya watunzaji wa Debian na Ubuntu.

sudo apt install linux-headers-amd64 broadcom-sta-dkms

Kwa Ubuntu na Mint kifurushi kinaitwa bcmwl-kernel-source. Mint ina nafuu zaidi: programu yake ya kusimamia draiva inaweza kukisoma kutoka kwenye flashi ile ile uliyosakinishia mfumo, bila intaneti.

Mambo matatu huharibika hapa. La kwanza ni vichwa vya kerneli visivyolingana. Linganisha uname -r, inayotaja kerneli unayotumia, na dkms status, inayotaja kerneli ambazo moduli imejengewa. Kama moduli imejengwa kwa toleo lingine, sakinisha vichwa vya toleo hilo unalotumia. Hii ndiyo sababu waifai iliyokuwa nzuri jana inatoweka baada ya kusasisha mfumo. La pili ni Secure Boot, ulinzi unaokataa programu zisizo na sahihi, kwenye mashine za 2012 kuendelea. Ukijaribu sudo modprobe wl ukajibiwa “Key was rejected by service”, moduli haina sahihi inayokubalika. Zima Secure Boot ndani ya BIOS, au sajili ufunguo wako kwa mokutil. La tatu ndilo lililojificha zaidi: wl ikisakinishwa inaacha faili ndani ya /etc/modprobe.d linalozuia b43, ssb, bcma na brcmsmac. Ukibadili mawazo ukarudi b43, kifute kifurushi kwa apt purge, si apt remove, maana remove huacha faili hilo na kadi itabaki kimya hata famwea ikiwepo. Thibitisha:

grep -r blacklist /etc/modprobe.d

Ndiyo maana ushauri wetu ni kujaribu draiva ya kerneli kwanza kila inapowezekana, na wl iwe ya mwisho. Habari za ndiswrapper na draiva za Windows XP utakazokuta kwenye maelezo ya zamani, zipite tu.

Inaona mitandao lakini haiingii

nmcli dev wifi list
nmcli --ask dev wifi connect "JINA_LA_MTANDAO"

Hotspoti ya simu ikionekana na simu ya jirani lakini si na laptopu, simu inarusha kwa GHz 5. BCM4312 na AR9285 husikia GHz 2.4 pekee. Badilisha masafa kwenye mipangilio ya hotspoti; kwenye iPhone ni kile kipengele cha kuongeza utangamano. Ruta iliyojichagulia chaneli ya 12 au 13 nayo haitaonekana na kadi nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani, hivyo ipe 1, 6 au 11.

Nywila ni sahihi na bado unaulizwa tena na tena? Tazama usalama wa mtandao. WPA3 haishikiki kwa wl, na hata hali ya mchanganyiko wa WPA2 na WPA3 inaweza kuikwamisha. Weka WPA2 tupu. Kama bado, tengeneza faili /etc/NetworkManager/conf.d/waifai.conf lenye mistari hii, inayozima kuficha anwani ya kadi wakati wa kutafuta mitandao na kuzima ubanaji wa umeme:

[device]
wifi.scan-rand-mac-address=no

[connection]
wifi.powersave=2

Halafu sudo systemctl restart NetworkManager.

Kuna tatizo moja linalovaa sura ya waifai na si waifai. Ping kwa 1.1.1.1 inajibu, lakini kivinjari kinakataa kila tovuti kwa sababu ya vyeti, na apt inasema faili la Release bado halijaanza kutumika. Andika date. Mashine ikidhani tuko 2009, betri ndogo ya saa imekwisha, na kila stima inapopotea huku betri kubwa nayo ikiwa haishiki chaji, saa inarudi nyuma. Rekebisha kwa sudo date -s, hifadhi kwa sudo hwclock -w, kisha badilisha betri hiyo. Nyingi ni CR2032. Kwenye laptopu huwa imevikwa plastiki na waya mbili, kwa hiyo nenda na ile ya zamani dukani.

Bisibisi

Zima, chomoa chaja, toa betri. Kadi iko chini ya kifuniko kidogo upande wa chini, au chini ya kibodi. Waya mbili nyembamba zimebanwa juu yake kwa vifungo vya duara. Ving'oe kwa kuinua wima na ukucha, usivute waya. Weka alama ipi ilikuwa tundu la 1, ambalo ndilo kuu, na ipi la 2. Fungua skrubu moja au mbili, kadi itainuka yenyewe kwa pembe.

Mashine iliyokaa kwenye vumbi la Nakuru au unyevu wa karibu na ziwa Kisumu inaweza kuwa na miguu iliyofifia. Isugue taratibu kwa kifutio cha penseli, ipanguse kwa spiriti ya isopropili, iache ikauke, irudishe hadi isikike imeingia. Waya mmoja wa antena ukiwa umechomoka, kadi itaona mitandao ya karibu tu. Dalili hiyo kwenye laptopu iliyowahi kufunguliwa ni ya kuangaliwa kabla ya programu yoyote.

Ukilazimika kubadilisha

Mini PCI ya enzi za 2200BG na Mini PCIe iliyoifuata haziingiliani. Mini PCIe nayo ina urefu wa aina mbili, kamili na nusu. Nusu ndani ya nafasi ya kamili inahitaji bati la kuirefusha ili skrubu ifike.

Kizuizi kikubwa ni BIOS yenye orodha ya kadi inazozikubali. ThinkPad itasimama na ujumbe “1802: Unauthorized network card is plugged in”. HP itaandika “104-Unsupported wireless network device detected. System Halted.” Kadi haina kosa, itoe na mashine itawaka. Kwa ThinkPad tafuta kadi yenye namba ya FRU (namba ya spea ya ThinkPad) iliyoorodheshwa kwenye kitabu cha matengenezo cha modeli yako, kwa HP ile yenye namba ya spea ya HP. Latitude za Dell kwa kawaida hazina orodha hiyo, na AR9285 au Intel 6205 kutoka kwenye laptopu iliyokufa skrini itakufaa.

Adapta ya USB ni kimbilio la mwisho, na hapo pia namba ndiyo inayosema. Beba laptopu dukani, chomeka, andika lsusb kabla ya kulipa, maana ganda lile lile linaweza kuwa na chipu yoyote ndani. 0cf3:9271 ni AR9271, na 148f:5370 ni RT5370. Zote mbili ni za kuaminika. 148f:7601 ni MT7601U, inafanya kazi ikipata firmware-misc-nonfree. 0bda:8179 ni RTL8188EUS, ambayo kerneli ya 6.3 kwenda juu inaibeba kwa rtl8xxxu. Debian 12 ina 6.1, kwa hiyo isipofanya kazi vizuri chukua kerneli mpya kutoka ghala la bookworm-backports. Na ukiona 0bda:1a2b, adapta imejitambulisha kama CD yenye draiva za Windows. Sakinisha usb-modeswitch, andika sudo usb_modeswitch -KW -v 0bda -p 1a2b, kisha rudia lsusb: namba itakayotokea sasa ndiyo ya chipu halisi.